Kipimo kilisema mifupa ya mama iko sawa, wiki sita baadaye nyonga ikavunjika. Wenye uzoefu wa kisukari naomba msaada

#1 Mwana wa Kimara
Wakuu, habari za jioni.

Mama yangu ana miaka 66 na kisukari cha aina ya 2 anaenda nacho mwaka wa 14. Ana mwili, ni mtu wa shughuli, vikoba hakosi. Mwezi wa pili alilalamika mgongo, tukampeleka akapimwa mifupa kwa ile mashine ya DEXA. Alama ya T ikatoka -0.8. Tukaambiwa hiyo ni kawaida kabisa, mifupa ya kusumbua huanza -2.5 kushuka chini. Tukarudi nyumbani tunafurahi.

Wiki sita baadaye, saa tisa usiku, ameamka kwenda chooni akaanguka. Si ngazi, si bodaboda. Alikuwa amesimama, akajikuta sakafuni. Shingo ya paja la kushoto imevunjika. Ameshafanyiwa upasuaji, kawekewa nyonga bandia, na sasa anajifunza kutembea na fremu.

Swali langu: mfupa uliopimwa ukaonekana mzima unavunjikaje kwa kuanguka kwa namna hiyo? Mashine ilikosea, au sukari inafanya jambo ambalo mashine haioni? Kwa upande wa baba wameshaanza kusema mama kachezewa. Sitaki kwenda huko, nataka kuelewa.

#2 Kijana Mbagala
Pole sana dada, mpe bi mkubwa pole. Naweka kambi hapa, mzee wangu naye ana sukari.

#3 Mzee wa Temeke
Pole binti yangu. Tatizo mkipata sukari mnaogopa kila kitu, mnakula majani tu. Mpe mama supu ya kongoro asubuhi, jioni bamia au mlenda. Ule ute unarudi kwenye viungo. Mimi nina miaka 71, napanda ngazi za Kariakoo bila kushika ukuta.

#4 Nesi wa Zamu
Dada pole, na swali lako ni zuri kuliko unavyodhani. Nimekaa wodi ya mifupa miaka tisa, wagonjwa wa namna ya mama yako nimewapokea wengi: mnene, sukari ya miaka mingi, vipimo vizuri, nyonga imekatika.

Mashine haikukosea. DEXA inapima wingi wa madini kwenye mfupa. Haipimi ubora wa kile kinachoyashikilia hayo madini, yaani kolajeni, ile protini inayoupa mfupa uwezo wa kunepa kidogo bila kukatika. Sukari ikikaa juu miaka mingi inajibandika kwenye kolajeni na kuifunga nyuzi zake zikakakamaa. Chukua kandambili iliyoachwa uani juani mwaka mzima. Unene ni uleule, uzito uleule. Ikunje uone, inapasuka.

Juu ya hapo, kwa mwenye kisukari kazi ya mfupa kujibomoa na kujijenga upya inapungua kasi. Mfupa wa zamani wenye nyufa ndogondogo unabaki hapohapo bila kukarabatiwa. Na kwa baadhi ya wagonjwa lile ganda gumu la nje linatoboka vitundu ambavyo DEXA haiwezi kuviona.

Ndiyo maana watu wa aina ya 2 mara nyingi mifupa yao hupima vizuri kuliko ya wenzao wasio na sukari, na bado wanavunjika zaidi.

#5 Kipozeo
Nesi nakuheshimu, ila umerukia mfupa kabla ya kuuliza kwa nini mama alianguka. Mfupa hauvunjiki wenyewe kitandani.

Dada, jibu haya: anatumia dawa gani? Usiku ule alikula nini? Sukari ilipimwa alipoanguka? Miguu ina ganzi? Macho yalipimwa lini? Saa tisa usiku chooni taa ilikuwa inawaka?

#6 Mwana wa Kimara
Kaka Kipozeo, ngoja nijibu yote.

Metformini na glibenklamidi. Usiku ule alikula kidogo sana, alikuwa ametoka msibani amechoka, lakini dawa alimeza kama kawaida. Tulipomkuta alikuwa na jasho la kuloa na anaongea hovyohovyo. Dada yangu akampa chai ya sukari kwa kubahatisha. Tulipofika hospitali, saa nzima imepita, ikasoma 4.1. Ganzi miguuni anayo mwaka wa tatu. Macho hayajapimwa tangu kabla ya korona. Na umeme ulikuwa umekatika.

Nikiyaandika hivi nasikia uchungu, maana kila kitu kilikuwepo mbele yetu.

#7 Kipozeo
Usijilaumu dada, mliyafanya mliyoyajua. Lakini jibu ndilo hilo. Kama saa moja baada ya chai ya sukari ilikuwa 4.1, kabla ya chai ilikuwa chini zaidi. Sukari ilishuka, kichwa kikazunguka, miguu haisikii sakafu, giza. Hata kijana wa miaka 30 angeanguka. Glibenklamidi inakaa mwilini muda mrefu na kwa wazee inajulikana kwa kushusha sukari usiku. Habari za kolajeni ni nzuri kwa darasa, mama kaangushwa na kidonge na njaa.

#8 Nesi wa Zamu
Kaka, kijana wa miaka 30 angeanguka, ndiyo. Angevunja nyonga? Hapo ndipo tunapoachana. Wazee wasio na sukari wanaanguka kila siku Dar hii, wengi wanaamka na michubuko. Na tafiti zilizohesabu idadi ya kuanguka na kuiondoa kwenye hesabu, bado zinakuta wenye kisukari wanavunjika zaidi. Kuanguka kunaeleza sehemu, hakumalizi.

#9 Takwimu Kwanza
Naongeza nyama. Kuna utafiti wa wanawake zaidi ya 32,000 wa jimbo la Iowa, Marekani, ulichapishwa 2001. Wenye kisukari walivunjika nyonga mara 12 zaidi ya wasio nacho. Mara 12, wakuu!

#10 Mfamasia Ilala
Mkuu #9, rekebisha kabla watu hawajapata presha. Ile mara 12 ni ya aina ya 1 peke yake, na kwenye utafiti ule walikuwa wachache. Aina ya 2, ambayo ndiyo ya mama wa mleta mada, ilikuwa mara 1.7. Uchambuzi wa 2007 uliounganisha tafiti nyingi ulipata karibu mara 7 kwa aina ya 1 na takriban mara 1.4 kwa aina ya 2. Uchambuzi huohuo ulikuta aina ya 1 wana madini machache kwenye mifupa na aina ya 2 wana mengi kuliko kawaida. Hivyo Nesi yuko sahihi hapo.

#11 Takwimu Kwanza
Nimepokea, asante mkuu. Nilisoma haraka.

#12 Bibie Tabata
Mimi nilishasema kwenye uzi mwingine, hizi metformini zinakausha mifupa. Shangazi yangu alikuwa mzima, kaanza metformini, miaka mitano kiwiko, kisha kifundo cha mkono. Mnatetea vidonge vya wazungu tu.

#13 Mfamasia Ilala
Dada Tabata pole kwa shangazi, lakini metformini unaionea. Dawa yenye kesi kubwa ya mifupa ni kundi la pioglitazoni na nduguye rosiglitazoni. Utafiti mkubwa uliotoka 2006 ulilinganisha dawa tatu kwa miaka kadhaa. Wanawake waliovunjika mfupa: rosiglitazoni asilimia 9.3, metformini 5.1, na ile glibenklamidi ya mama 3.5. Hawa wa rosiglitazoni walivunjika zaidi mikono ya juu, viganja na nyayo. Kundi hili linasukuma chembe changa za uboho zigeuke mafuta badala ya kuwa wajenzi wa mfupa.

Metformini ina kosa lingine. Ukiitumia miaka mingi inaweza kupunguza vitamini B12, na B12 ikipungua ganzi ya miguu inazidi. Mtu mwenye ganzi anaanguka. Kwa hiyo muulize shangazi kama aliwahi kupimwa B12, na pia alikuwa akimeza nini kingine. Prednisoloni ya pumu je?

#14 Bibie Tabata
Pumu anayo. Na vidonge vyake vyeupe vidogo anameza kila akibanwa, ananunua mwenyewe duka la dawa.

#15 Mfamasia Ilala
Basi huyo ndiye mshukiwa wangu wa kwanza. Prednisoloni inapandisha sukari na inamumunya mfupa, vyote kwa pamoja. Asiiache ghafla lakini, ni hatari. Aende akaonane na daktari na hivyo vidonge mkononi.

#16 Kipozeo
Mmeona glibenklamidi ilikuwa na asilimia ndogo kuliko zote? Nakubali hiyo inanipinga. Ila waliokuwa kwenye utafiti hawakuwa bibi wa miaka 66 aliyetoka msibani bila kula.

#17 Aina ya Kwanza
Niko na aina ya 1 tangu nina miaka 9, sasa nina 31. Uzi huu umenigusa kwa sababu hakuna kliniki iliyowahi kuniambia neno mifupa. Macho wanasema, figo wanasema, miguu wanasema. Mwaka juzi niliruka mtaro Jangwani baada ya mvua, mfupa wa paja ukapata ufa. Daktari akaniuliza kama nimegongwa na gari.

Waliniambia nilipata sukari kabla mwili haujamaliza kujenga mfupa, na mwili usio na insulini ya kutosha haujengi vizuri. Ufa ulichukua miezi saba kuunga, mwenzangu wa kitanda cha pili, asiye na sukari, alitoka miezi minne mapema. Wazazi wenye watoto wa aina ya 1, ulizeni mapema.

#18 Mwalimu Gongo la Mboto
Naomba nilete jambo ambalo halijatajwa. Mimi ni mwalimu, sukari miaka 17. Mguu wa kulia ulivimba, mwekundu, wa moto ukiugusa, lakini hauumi. Narudia, hauumi. Nilikwenda kituo kimoja cha afya, wakasema ni maambukizi, nikapewa dawa za kuua bakteria, nikaendelea kusimama darasani wiki tano. Nikarudi, safari hii wakasema ni gauti. Eksirei ilipopigwa hospitali nyingine, mifupa ya katikati ya wayo ilikuwa imesagika kama korosho zilizokanyagwa. Nilikuwa naitembelea imevunjika na sina habari.

Unaitwa mguu wa Charcot, jina la daktari Mfaransa aliyeueleza 1868 kwa wagonjwa wa kaswende. Uhusiano na kisukari ulielezwa 1936. Dawa yake ni kuuondolea mguu uzito mara moja: hogo maalumu, magongo, miezi. Ningewahi, wayo usingebadilika umbo. Sasa navaa kiatu cha kushonesha.

Mwenye sukari na ganzi, mguu mmoja ukiwa wa moto kuliko mwenzake na umevimba, usiukanyage. Hata kama hauumi. Kutouma ndiko kulikoniangusha.

#19 Kijana Mbagala
Mwalimu shikamoo. Nimemsomea mzee hii kwa sauti, ametoa viatu nimkague hapohapo. Miguu yote ya baridi, alhamdulillah.

#20 Mwalimu Gongo la Mboto
Marahaba. Mkague na kati ya vidole.

#21 Mzee wa Temeke
Mambo ya mahogo na vyuma ni ya juzi. Sisi tulivunjika tukaungwa na wazee kwa mabanzi na mafuta, tukapona. Mama huyu angepelekwa Rufiji kwa mtaalamu nyonga ingekuwa imeshashika. Siku hizi mnakimbilia MOI tu, ile taasisi ya mifupa ya Muhimbili, eti ipo tangu uhuru.

#22 Nesi wa Zamu
Baba yangu shikamoo. MOI ni taasisi iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1996, Muhimbili yenyewe ndiyo ya zamani.

Kuhusu mabanzi nakuomba unisikilize. Mtoto mzima wa miaka 12 aliyevunjika mkono anaweza kuungwa akapona. Shingo ya paja ni kitu kingine, damu inayofika pale ni kidogo na mara nyingi inakatika mfupa ukivunjika. Mgonjwa wa sukari akifungwa banzi la kubana na akachuliwa mafuta ya moto kwenye mguu wenye ganzi hatasikia anaungua wala hatasikia damu imezuiwa. Nimempokea baba wa hivyo. Alikuja na mguu mweusi, akaondoka bila mguu. Nyonga kwa mzee inatakiwa ifanyiwe upasuaji mapema iwezekanavyo, ndani ya siku mbili hivi, ili asilale akapata nimonia, damu kuganda na vidonda vya mgongo.

#23 Mzee wa Temeke
Marahaba binti. Hilo la ganzi sikulijua. Nafuta la Rufiji kwa wenye sukari. La kongoro sifuti.

#24 Takwimu Kwanza
Mzee wetu, kongoro ina protini, lakini kalsiamu yake ni ndogo kuliko watu wanavyodhani, na mafuta ni mengi. Dagaa wanaoliwa na mifupa yao wanaipita mbali. Ulezi pia, gramu 100 zina kalsiamu karibu miligramu 340. Kwa mwenye sukari, uji huo upimwe na usitiwe sukari.

#25 Bibie Tabata
Na mchicha?

#26 Takwimu Kwanza
Mchicha unayo, ila una oksaleti inayoishikilia, mwili unapata kidogo. Kula kwa mengine, mifupa itegemee dagaa na mtindi.

#27 Dokta wa Mimea
Nyote mnazunguka. Ni vitamini D. Watu wa Dar wanashinda ofisini Posta kwenye kiyoyozi, jua wanaliona kwenye foleni tu. Mpe mama vitamini D ya kutosha, hadithi imeisha.

#28 Takwimu Kwanza
Nusu nakubali. Kuna utafiti wa 2012 uliofanyika hapahapa nchini kwa Wamasai na Wahadzabe wanaoishi kimila. Wastani wao wa vitamini D ulikuwa nanomoli 115 kwa lita, wakati wengi huhesabu upungufu kuanzia chini ya 50. Kwa hiyo jua letu linafanya kazi kwa anayeliota. Bibi asiyetoka ndani ana haki ya kupimwa.

Nusu nakataa. Marekani 2022 walitoa majibu ya watu 25,871 waliopewa yuniti 2,000 kila siku au kidonge kitupu. Kuvunjika hakukupungua. Hao hawakuchaguliwa kwa sababu ya upungufu. Mwenye upungufu atibiwe, ila usimuuzie kila mtu vidonge kama kinga.

#29 Kipozeo
Swali kwa Nesi. Kama sukari ndiyo inakakamaza kolajeni, basi kuishusha sana kungezuia kuvunjika?

#30 Nesi wa Zamu
Umenibana pazuri. Uholanzi, 2013, waliofuatiliwa wakiwa na kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu (HbA1c) cha asilimia 7.5 kwenda juu walivunjika zaidi kuliko waliodhibiti, na mifupa yao ilikuwa minene zaidi. Hiyo inaniunga mkono. Lakini utafiti mwingine mkubwa wa Marekani walibana sukari ya watu kwa nguvu, wengine wakaachwa kwa kiasi, na idadi ya waliovunjika haikutofautiana. Pengine kolajeni iliyokwisha kukakamaa hairudi haraka. Pengine wewe na mimi tuna haki kila mmoja nusu.

#31 Mfamasia Ilala
Na hata ile -0.8. Watafiti wanasema kwa mwenye aina ya 2 alama isomwe kama iko chini kwa karibu nusu pointi. Wengine wanaanza kufikiria tiba kwenye -2.0 badala ya kusubiri -2.5. Lakini toa nusu kwenye -0.8, unapata -1.3. Bado huwezi kusema mfupa ulikuwa mbovu. Kwa mama huyu hesabu hiyo haitoshi.

#32 Mwana wa Kimara
Wakuu nimerudi. Nimesoma yote, nikaandika maswali kwenye karatasi, leo tulikuwa kliniki.

Glibenklamidi imeondolewa. Daktari amesema kwa umri wake sukari isibanwe kupita kiasi, afadhali ipande kidogo kuliko kushuka usiku. B12 imechukuliwa, majibu wiki ijayo. Macho: kuna uharibifu kwenye retina ya kulia, hatukujua kabisa.

Nikamuuliza kuhusu dawa ya mifupa. Akasema nyonga iliyovunjika kwa kuanguka kutoka kusimama ni udhaifu wa mfupa kwa maana yake yenyewe, namba iseme isemavyo. Angependa kumwanzishia alendronati, ila kwanza apime figo, kwa sababu figo zikiwa zimechoka haifai. Daktari wa upasuaji yeye anaona asubiri, alama ni nzuri. Wamepishana mbele yangu, kwa heshima lakini wamepishana.

Nyumbani nimetoa kandambili zote zilizoisha soli, nimeweka mpira wa kuzuia utelezi juu ya marumaru, taa ya chaji njiani kwenda chooni, na fundi anakuja Jumamosi kufunga bomba la kushikilia ukutani. Nimemwekea pia ndoo chumbani, ameikataa, anasema yeye si mgonjwa wa kuwekewa ndoo.

#33 Fundi Kimara Korogwe
Dada, hilo bomba asifunge kwenye marumaru tupu, litang'oka na mama akiwa amelishika. Atoboe hadi kwenye tofali, na kama ni tofali za uwazi atie zege kwanza. Urefu upimwe mama akiwa amesimama, mkono umekunjwa kidogo. Niko jirani, nikipita Jumamosi naweza kumsimamia bure.

#34 Mwana wa Kimara
Asante kaka, nakutumia ujumbe.

#35 Kipozeo
Huyo wa upasuaji mimi naelewa anachosema.

#36 Nesi wa Zamu
Na mimi naelewa, na simkubali. Figo zikija vizuri, dada, tuandikie.

#37 Kijana Mbagala
Samahani kwa kuingilia. Nimeangalia begi la dawa la mzee sasa hivi. Kuna pioglitazoni, alipewa mwaka 2019. Yeye ni mwanaume, hajawahi kuvunjika. Nimwondolee?

#38 Mfamasia Ilala
Usimwondolee kitu leo. Kuvunjika kwa dawa hiyo kumeonekana hasa kwa wanawake. Kliniki yake ni lini?

#39 Kijana Mbagala
Alhamisi.

#40 Mfamasia Ilala
Nenda naye. Beba begi lote.